Mtoto wa Daktari ni Mzigo wa Nani?



Jumapili moja katika Kwaresima, baada ya ibada ya pili, tulikaa kivulini nje ya kanisa na wasichana wa Shule ya Sekondari Kilakala wanaosali pamoja nasi. Wengi wenu mnawafahamu, maana huja kwa mstari, sketi zimepigwa pasi, na wakianza kuimba, kwaya yetu ya watu wazima huona haya. Tuliwauliza, kama walimu wazee wapendavyo kuuliza, kila mmoja anataka kuwa nani. Mikono ya udaktari ilikuwa mingi kuliko yote. Ndipo mmoja wa kidato cha tano akasimama akasema, "Samahani Mwalimu, nina swali. Mtu akisomea udaktari bingwa, anaruhusiwa kuzaa kabla hajamaliza? Maana dada yangu ameambiwa asubiri."

Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, wala hatukumjibu. Tulimwahidi kwamba tutamjibu katika gazeti hili, kwa sababu jambo lenyewe liliwahi kuingia nyumbani kwetu na kukaa miaka 3, na jibu la upesi lingekuwa jibu la uongo.

Kwanza tueleze masomo hayo yalivyo, kwa ajili ya wale ambao hawajapata kuwa na mtoto huko. Amalizapo kidato cha sita, kijana husoma udaktari miaka 5. Kisha hufanya mafunzo kwa vitendo hospitalini mwaka 1. Hapo tayari anaitwa daktari, lakini si bingwa. Akitaka kuwa bingwa wa upasuaji, au wa watoto, au wa magonjwa ya akina mama, aghalabu hufanya kazi kwanza miaka miwili mitatu, halafu hurudi chuoni kwa miaka mingine 3 au zaidi. Masomo hayo hayafanani na yale tuliyosoma sisi chuo cha ualimu, ambako tulikaa kwenye madawati na kutoka wiki chache kwenda kufundisha kwa mazoezi. Huyu anasoma huku anatibu. Anaingia wodini asubuhi, usiku anakesha kwa zamu, na kesho yake hakuna anayemwambia nenda kalale mpaka kazi ya mchana iishe. Mgonjwa ndiye kitabu chake, na mgonjwa hana saa ya kufungua na kufunga.

Basi hesabuni umri. Aliyemaliza kidato cha sita akiwa na miaka 20 anaanza kusomea ubingwa akiwa na 28 au 29, na anamaliza amekwisha kuvuka 31. Miaka hiyo hiyo ndiyo ambayo mwili wa mwanamke uko tayari kwa uzazi, na ndiyo ambayo mama mkwe huanza kuuliza maswali. Hakuna mtu mbaya aliyekaa akapanga mambo haya mawili yagongane. Yanagongana tu, na anayeumia ni mmoja.

Mpango huu una mwanzo wake. Hospitali ya Johns Hopkins, katika mji wa Baltimore huko Marekani, ilifunguliwa mwaka 1889, na mkuu wake wa upasuaji, William Halsted, aliweka utaratibu wa kuwafundisha wapasuaji ngazi kwa ngazi, mzigo ukizidi kila mwaka, mpaka mwanafunzi aweze kusimama peke yake. Utaratibu ulikuwa mzuri, na sehemu kubwa ya dunia imeuiga, nasi tumo. Lakini vijana wale waliishi ndani ya hospitali usiku na mchana, na ndoa haikutazamwa kwa jicho jema. Jina lenyewe linatoka huko. Hata wetu leo huitana maresidenti, na maana yake ni wakazi, watu ambao makazi yao ni hospitali. (Halsted mwenyewe, tuseme ukweli, alitawaliwa na kokeini na baadaye mofini, kwa hiyo si kila desturi ya nyumba ile ilistahili kurithiwa.) Chuo cha udaktari kilipofunguliwa hapo mwaka 1893, wanawake walikubaliwa kwa sababu akina mama wenye fedha, Mary Garrett akiwa mbele yao, walitoa mchango kwa sharti hilo. Mlango ukafunguliwa, lakini nyumba haikujengwa upya. Ilibaki nyumba ya kijana asiye na mtoto, au mwenye mtoto na mke wa kumlea.

Kwetu Tanzania tuliwahi kuona jambo la namna hiyo na tukalirekebisha, ingawa wengi wamesahau. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka vijana wamalizapo shule wafanye kazi miaka 2 kwanza ndipo waende Chuo Kikuu. Sharti lilikuwa moja kwa wote, na lilitungwa kwa nia njema. Lakini wasichana waliofika Chuo Kikuu wakapungua, kwani katika miaka ile miwili wengi waliolewa na kuzaa, na mlango ukafungwa nyuma yao. Haikuchukua muda mrefu, wasichana wakaruhusiwa kwenda moja kwa moja. Wakati ule sisi tulikuwa vijana wa shule, na tunakumbuka wenzetu wavulana wakinung'unika kwamba ni upendeleo. Sisi pia tulinung'unika. Hatukujua kwamba sharti likiwa moja kwa watu wenye hali mbalimbali, yupo linayemfaa na yupo linayemtupa nje.

Tukirudi kwenye udaktari, chuo cha kwanza cha kufundisha madaktari nchini kilianza Dar es Salaam mwaka 1963, nacho baada ya kubadilika mara kadhaa kikawa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili mwaka 2007. Mwanamke anayetajwa kuwa wa kwanza miongoni mwa Watanzania kuwa daktari, Esther Mwaikambo, alianza akiwa muuguzi, akaenda kusomea udaktari Moscow na kuhitimu mwaka 1969, kisha akawa bingwa wa watoto. Mwaka 1987 yeye na wenzake walianzisha chama cha madaktari wanawake, MEWATA, ambacho wengi wetu tulikisikia baadaye katika kampeni za kupima saratani ya matiti. Tumejiuliza kwa nini watu waliokwisha kuwa madaktari, wenye heshima zao, walione hitaji la kuwa na chama chao. Tunadhani ni kwa sababu walikuwa wachache, na uchache ni mzigo wa namna yake, ambao walio wengi hawauoni kwa sababu hawajapata kuubeba.

Sisi wenyewe tulifundishwa hilo na mpwa wetu. Sisi ni Wakaguru wa upande wa Berega, na kwa Wakaguru, kama kwa ndugu zetu Waluguru tunaoishi nao hapa mlimani, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mjomba si mtu wa kuletewa salamu tu. Binti wa dada yetu ni binti yetu. Alizaliwa kwa upasuaji katika hospitali ya Kanisa pale Berega, usiku wa mvua, baada ya mama yake kubebwa kwa machela mwendo mrefu, na tangu alipohadithiwa habari hiyo akiwa mdogo alisema atakuwa mpasuaji. Mwaka 2019 aliingia kusomea ubingwa wa upasuaji katika hospitali moja ya kufundishia, ambayo hatutaitaja. Walikuwa watu 8 katika kundi lao, na mwanamke alikuwa yeye peke yake.

Mwaka wa pili akashika mimba. Ameolewa kanisani, mumewe ni mtumishi wa halmashauri katika wilaya ya mbali, na hapakuwa na lolote la aibu. Alipokwenda kutoa taarifa, mmoja wa walimu wake alimwambia, "Tulijua tu. Ndiyo maana huwa tunasita kuwachukua wanawake."

Tafadhali lipimeni neno hilo. Mwaka ule ule, kijana mmoja wa kundi lao alivunjika mguu katika mpira wa miguu, akakaa nje miezi 3. Wenzake walikwenda kumtazama na machungwa. Hakuna aliyesema ndiyo maana tunasita kuwachukua wanaume. Yeye alivunjika kama mtu mmoja, mwenye jina lake na mguu wake. Mpwa wetu alishika mimba kama wanawake wote, waliokuwapo na watakaokuja. Tangu siku hiyo, alituambia, akichelewa dakika 5 amechelewesha wanawake wote, na akipiga miayo wanawake wote hawawezi kazi. Akawa anafanya kazi ya watu wawili ili asionekane anafanya ya nusu mtu. Aliingia chumba cha upasuaji mpaka wiki ya 38, akisimama mguu huu na mguu huu.

Mtauliza, je, hakuna sheria? Ipo, na ni nzuri. Tangu 1975 mwanamke mwajiriwa katika nchi yetu, awe ameolewa au hajaolewa, alipewa haki ya likizo ya uzazi yenye malipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iliweka siku 84 za likizo hiyo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Ilisema pia kwamba mama anayenyonyesha apewe hadi saa 2 kwa siku za kumnyonyesha mtoto, na kwamba asifanyishwe kazi ya usiku miezi 2 kabla ya kujifungua na miezi 2 baada yake. Lakini hiyo ni sheria ya mwajiriwa. Mpwa wetu alikuwa anajilipia masomo. Usiku alipokuwa anashona matumbo ya watu aliitwa daktari, na alipoomba likizo aliitwa mwanafunzi. Alipewa njia mbili: aahirishe masomo mwaka mzima na aanze tena na kundi litakalofuata, ada na pango la nyumba vikiendelea kumngoja, au arudi mapema kadiri awezavyo. Alirudi baada ya wiki 10.

Hapa inafaa tuwasikilize wale wa upande wa pili, kwa maana wana hoja. Mgonjwa anayelazwa juu ya meza ya upasuaji ana haki ya kupasuliwa na mtu aliyejifunza vya kutosha, na mikono haijifunzi ikiwa nyumbani. Kisha, zamu ya aliyeondoka haiondoki naye. Katika kundi lile zamu nyingi zilimwangukia kijana mmoja asiye na mke. Siku moja akamwambia mpwa wetu kwa upole, "Dada, mimi sina mtoto, lakini nina mama mgonjwa Kigoma, na sijamwona tangu mwaka jana." Hatuna jibu la kumvunja kijana huyo. Hakusema uongo. Na mwingine katika kundi hilo, mke wake alijifungua mwezi ule ule. Sheria tuliyoitaja ilimpa baba mwajiriwa siku 3. Huyu hakuomba hata moja, maana aliona mwenzake alivyojibiwa, akakesha wodini na wagonjwa wa watu huku mkewe akikesha peke yake na kichanga. Watu walimsifu kwamba ni mchapa kazi. Kwa hiyo msidhani kwamba tunasema habari za wanawake peke yao. Nyumba iliyojengwa kwa mtu asiye na mtoto humtupa mama nje waziwazi, na baba humfundisha kujifanya si baba.

Tena nasi tuna la kuungama. Mwaka 1988 tulikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi moja huko milimani. Mwalimu mmoja kijana alirudi kutoka likizo ya uzazi, akaomba wakati wa mapumziko ya saa nne aende nyumbani kumnyonyesha mtoto, naye angechelewa kipindi kinachofuata kwa dakika 20 hivi. Tulikataa. Tulimwambia shule si mahali pa kulelea, na kwamba watoto 60 wa darasa la tatu nao ni watoto. Tulijiona wenye haki kabisa, maana tulikuwa tunatetea wanafunzi. Baada ya majuma machache maziwa yake yalikauka, mtoto akadhoofika, na yule mwalimu akaomba uhamisho. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Ila miaka imepita, na katika watoto wale 60 hakuna mmoja ambaye maisha yake yalisimama au kuanguka kwa zile dakika 20. Mwalimu mwenzake wa jirani angeweza kuwashikia darasa. Hatukumwuliza hata huyo. Hapo tulipo leo tunaona kosa letu halikuwa kuwapenda wanafunzi. Tulikosa kutafuta njia, kwa sababu hasara ilikuwa inamwangukia mtu mwingine.

Turudi kwa mpwa wetu. Alihangaika na mtoto katika chumba cha kupanga karibu na hospitali, akikamua maziwa chooni kwa kukosa mahali pengine, mpaka mtoto alipofika miezi 5. Hapo akapiga simu, akasema, "Mjomba, nimeshindwa." Sisi tulikuwa tumestaafu mwaka ule ule. Tulipanda basi la alfajiri pale Msamvu, na kesho yake jioni tukarudi Kilakala tumebeba mtoto, mama watoto wetu akiwa amemfunga mgongoni kana kwamba ana miaka 25. Majirani walikuja kutupongeza. Walisema, ndivyo ukoo unavyotakiwa kuwa. Nasi tulijisikia vizuri, tusiwafiche.

Lakini mama watoto ana magoti mabovu, na mtoto wa miezi 5 ni kazi. Tukatafuta msichana wa kumsaidia. Tulimpata wa kutoka Mgeta, miaka 16, amemaliza darasa la saba, mwenye adabu na mwepesi wa kila kitu. Tulimlipa shilingi 50,000 kwa mwezi, chakula na malazi juu yetu, tukajiona wakarimu. Yeye ndiye aliyeamka usiku. Yeye ndiye aliyekuwa na mtoto alipoanza kutambaa, na jino la kwanza aliliona yeye. Mwaka wa pili tulipomrudisha kwao kusalimia, tulikuta mama yake anahangaika peke yake na bustani ya mboga na wadogo zake 4, na mdogo wao kabisa, mwenye miaka miwili, hakumtambua dada yake. Alimkimbia akajificha nyuma ya mama.

Tulirudi kutoka Mgeta hatuzungumzi. Mpaka hapo tulikuwa tunadhani tumelitatua jambo. Tulichokuwa tumefanya ni kulisogeza. Hospitali ilisema mtoto si mzigo wake, ukamshukia mama. Mama akashindwa, ukatushukia sisi. Sisi magoti yakakataa, ukamshukia binti wa miaka 16, ambaye hakuwa na wa kumshushia isipokuwa mama yake mwenyewe na yule mdogo wake. Mzigo wa kumlea mtoto haupotei kwa sababu mkubwa amekataa kuushika. Unateremka kama maji ya mlima huu wetu, na mahali unaposimama ni kwa yule asiyeweza kusema hapana. Na kila mmoja njiani anasifiwa. Hospitali inasifiwa kwa kutoa mabingwa hodari, mpwa wetu kwa uvumilivu, sisi kwa upendo wa ukoo. Yule binti hakusifiwa na mtu.

Kwa hiyo tunasema hivi, na asiyekubali atujibu katika toleo lijalo. Watu husema kuzaa ni hiari ya mtu, basi abebe gharama yake. Ingekuwa kweli kama bingwa angejifunza kwa faida yake mwenyewe tu. Lakini sisi wote tunamtaka. Tunataka kuwapo mpasuaji mwanamke wa kumwonyesha mabinti zetu uvimbe wa titi, wanaouficha mpaka unaoza kwa kumwonea haya daktari mwanamume. Tunamtaka kijana yule wa Kigoma, tunamtaka na baba yule mchapa kazi. Tukiisha kuwataka, tumekwisha kula deni. Hospitali inayowatumia usiku, chuo kinachopokea ada zao na Serikali inayowangoja wilayani ndio wenye mabega ya kulibeba. Na kijana wa Kigoma hatapona kwa mpwa wetu kunyimwa likizo. Atapona kama zamu zitapangwa kwa kujua kwamba katika watu 8 kila mwaka mmoja atazaa, au atavunjika mguu, au atauguliwa na mama. Mkulima anayepanda mbegu kamili bila kuhesabu za kuliwa na ndege hulaumu ndege kila mwaka.

Si mambo yasiyowezekana. Huko Marekani kwenyewe, ambako nyumba hii ilianza kujengwa, mwaka 2003 waliweka kikomo cha saa 80 za kazi kwa wiki kwa madaktari walio mafunzoni, na tangu Julai 2022 baraza linalosimamia mafunzo hayo limeagiza kila programu itoe angalau wiki 6 za likizo yenye malipo kwa mzazi aliyepata mtoto. Ni kidogo, na kwa karatasi siku zetu 84 zinawashinda. Lakini karatasi yetu haimgusi yule anayeitwa mwanafunzi. Ingetosha kuanza hapo, yaani anayefanya kazi ya daktari usiku alindwe kama mfanyakazi usiku huo. Na anayerudi baada ya miezi 3 afidie miezi 3, asilipishwe miezi 12. Mwalimu yeyote anajua kwamba mwanafunzi hupimwa kwa anachoweza, na kalenda ni msaada wetu tu wa kuhesabia.

Tumekuwa tukisoma tena mwanzo wa kitabu cha Kutoka. Wakunga wale wawili, Shifra na Pua, waliokataa amri ya Farao ya kuua watoto wa kiume, tumezoea kuwasifu kwa ujasiri wao, tukaruka thawabu waliyopewa. Mungu aliwajalia nao nyumba zao, jamaa zao wenyewe. Waliowazalisha wengine hawakuachwa bila watoto. Na sura inayofuata, mama yake Musa anamnyonyesha mwanawe mwenyewe kwa mshahara unaotoka kwa binti wa Farao. Tumehubiriwa habari hiyo mara nyingi, na hatukumbuki mhubiri hata mmoja aliyesimama kwenye ule mshahara.

Mpwa wetu alimaliza mwaka 2022, na mwaka uliofuata, alipopata kituo katika hospitali ya mkoa mmoja wa kusini, alikuja kumchukua mwanawe. Mtoto alikuwa na miaka 3. Alilia kuanzia hapa mpaka Msamvu akimwita mama, na aliyekuwa anaitwa alikuwa mke wetu, aliyebaki mlangoni. Yule binti wa Mgeta tulimlipia kozi ya ushonaji katika chuo cha ufundi, naye sasa ana cherehani yake. Hiyo tumeifanya tukiwa tumechelewa, na haimrudishii miaka ile kwa mdogo wake.

Krismasi iliyopita walikuja wote. Usiku mtoto aliondoka kitandani kwa mama yake, akaja kulala katikati yetu, kama zamani. Asubuhi mpwa wetu alituambia kwamba alikuwa macho, alimwona akiondoka, na hakumzuia.

Basi, binti wa kidato cha tano, ndiyo, unaruhusiwa kuzaa. Hakuna sheria inayokukataza. Mwambie na dada yako hivyo, na mwambie pia aulize mapema, kabla hajaingia, kwa maandishi, likizo ni siku ngapi na nani atashika zamu zake. Asione haya kuuliza akiwa peke yake, na akiwapata wawili watatu wa kuuliza nao itakuwa nafuu. Tumesikia mko kwenye mitihani na Jumapili hii hamtakuja. Mkija, tutakaa tena pale kivulini, maana yapo ambayo hatukuyaandika hapa.